Mbuzi akiacha kucheua: namna ya kumrudishia vijidudu vya tumbo

Mbuzi wangu jike mweusi, hapa Bagira mjini Bukavu, alikata kamba akala unga wa mahindi nusu beseni. Daktari wa mifugo alimtibu akapona, lakini siku tatu hakucheua. Asipocheua baada ya kula nafaka nyingi hivyo, huenda bakteria, protozoa na kuvu, yaani vijidudu wanaomsagia majani katika tumbo kubwa, wamekufa wengi. Bila wao, nyuzi za matete hazimfai kitu.

Nenda machinjioni alfajiri na chupa ya chai uliyoipasha kwa maji ya moto, ukayamwaga. Tafuta mbuzi mzima, aliyekuwa akila vizuri. Aliyechinjwa kwa sababu ya ugonjwa, mwache. Tumbo kubwa likipasuliwa, kamua maji ya majani yaliyomo kwa kitambaa safi. Jaza maji hayo kwenye chupa mpaka juu kabisa, ufunge: vijidudu hawa wengi huuawa na hewa na baridi, na asubuhi za Bukavu unazijua. Wamezoea joto la nyuzi 39 hivi. Usiwapashe motoni kamwe.

Mnyweshe mapema iwezekanavyo, nusu lita hadi lita moja. Polepole mno! Kichwa usikiinue juu. Maji yakiingia mapafuni umempoteza. Mimi husubiri ameze kwanza, ndipo naongeza. Rudia kesho yake.

Nawa mikono kwa sabuni. Mpe majani makavu na maji. Nafaka na maganda ya ndizi uyarudishe kidogo kidogo kwa wiki mbili. Wangu alianza kucheua jioni ya siku ya pili, nikakaa bandani kutazama taya lake likizunguka.