Kushusha paa la pikapu ya Chevrolet Advance Design kwa inchi 3

Kushusha paa huonekana kuwa kazi ya msumeno, kumbe msumeno ndio sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye umbo. Nguzo za kebini hazikusimama wima: za mbele zimelala kwenda nyuma, na zote huegemea ndani kidogo kadiri zinavyopanda. Ukiondoa kipande cha nguzo na kulishusha paa moja kwa moja, litakuta bodi ya chini ni ndefu na pana kulizidi. Fundi ambaye hajaamua mapema tofauti hiyo aimalizie wapi, ataimalizia kwenye puti, ile lipu ya kujazia mabonde ya bati.

Maelezo haya ni ya pikapu za Chevrolet zilizotengenezwa Marekani kuanzia katikati ya 1947 hadi mwanzoni mwa 1955, pamoja na pacha wao wa GMC. Mtindo wa kushusha paa ulianzia kwa vijana wa California waliokuwa wakishindana kwa kasi kwenye maziwa makavu kama Muroc na El Mirage. Walitaka gari lisikamate upepo. Kwenye pikapu ya leo ni sura tu, na hilo si dhambi.

Mwaka wa gari lako ni muhimu kuliko unavyodhani. Hadi 1953 kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili bapa, ambavyo fundi vioo yeyote atakukatia vipya kwa kufuata kiolezo. Mwaka 1954 kilikuja kioo kimoja kilichopinda. Kukifupisha kunawezekana kwa sababu ni cha matabaka, yaani vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, lakini vingi hupasuka mikononi mwa mkataji, kwa hiyo tafuta mtu wa kukikata kabla hujakata bati. Kuanzia 1951 milango ina kioo kidogo cha pembeni cha kuingiza hewa, na fremu yake nayo itabidi ifupishwe. Na kuanzia 1949 tangi la mafuta limo ndani ya kebini, limesimama nyuma ya kiti. Litoe lote nje ya gereji. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke.

Inchi ngapi?

Inchi 2 mtu asiyejua magari haoni kitu. Inchi 4 zinapendeza pichani, ila dereva mrefu ataendesha akiwa ameinama. Inchi 3, yaani milimita 76, ndiyo inayofaa kebini hii kwa watu wengi. Jaribu bure kwanza: bandika karatasi juu ya kioo cha mbele, milimita 76 kutoka ukingo wa juu, kisha kaa kitini na uangalie kama unaona taa za kuongozea magari ukiwa umesimama chini yake. Pima pia nafasi kati ya kichwa chako na paa, uitoe hizo 76. Ikibaki chini ya upana wa ngumi, panga kushusha kiti au punguza kipimo.

Kuiandaa kebini

Kata kebini ikiwa imekaa kwenye chasisi yake, bolti zote zimekazwa, gari limewekwa sawa kwa pima maji. Kebini iliyolazwa sakafuni hujipinda bila kukuaga. Kutu ya vizingiti vya milango na ya chini ya nguzo za mbele itengenezwe kwanza, kwa sababu nguzo iliyokalia bati bovu itashuka ukishaondoa paa. Badilisha pini za bawaba zilizolika, kisha rekebisha milango hadi uwazi wake uwe karibu milimita 5 kuzunguka pande zote. Mlango huo ndio rula yako kwa kazi yote inayobaki. Mlango uliolegea ni rula ya uongo.

Toa vioo vyote, raba zote, kitambaa cha dari na nyaya. Kwangua rangi angalau milimita 50 kila upande wa sehemu utakazokata, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi yenye kichujio, kwa kuwa rangi za miaka hiyo mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Sasa funga mihimili ya ndani. Tumia bomba la mraba la milimita 25. Chini ya mstari wa kukata weka mhimili kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa kila upande, mmoja wa kukatisha kebini kushoto kulia, na miwili ya msalaba. Juu ya mstari fanya vivyo hivyo kwenye paa. Mhimili wowote usivuke mstari wa kukata, la sivyo paa halitashuka, na yote ikae ndani kiasi cha kuacha milango ifunguke na kufungwa. Andika vipimo vya mishazari ya uwazi wa milango na wa kioo cha mbele kwenye ubao, si kwenye karatasi itakayopotea.

Kuchora mistari

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla hazijaanza. Milimita 76 ni kimo, na kimo hupimwa wima. Ukilaza futi kamba juu ya nguzo iliyolala digrii 15 na kukata 76, paa litashuka 73.4 tu upande wa mbele. Nyuma, ambako bati limesimama karibu wima, litashuka 76 kamili. Paa litakuwa limeinua pua. Chora mstari wa chini kwa pima maji au leza kuzunguka kebini, kisha wa pili juu yake kwa kupima wima. Juu ya nguzo yenyewe umbali kati ya mistari utatokea karibu 78.7 kwa digrii 15, au 80.9 kwa digrii 20. Ndivyo unavyotakiwa uwe. Pima mlalo wa nguzo zako kwa timazi badala ya kuamini namba za gari la mwenzako.

Kwenye nguzo za mbele kata pale zilipo nyoofu na upana haubadiliki sana, mbali na kona za juu na chini. Mistari ya mlango upande wa mbele iwe usawa uleule.

Nyuma una njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha mstari katikati ya dirisha la nyuma, ambalo litapungua milimita 76 na kuwa kama tundu la kupitishia barua. Ya pili, ambayo ni bora kwa kebini hii, ni kuliacha dirisha zima liende na paa na kuondoa kipande chini yake, kwenye ukuta wa nyuma ulio karibu wima, juu ya kipokezi cha kitasa cha mlango. Faida ni mbili. Kama kebini yako ina vile vidirisha vya pembeni nyuma, vioo vyake vilivyopinda vinabaki vizima, hutafuti vingine. Na kwa kuwa ukuta umesimama, juu na chini vitakutana bila tofauti ya maana, hivyo tatizo la urefu linabaki mbele peke yake.

Tofauti ya mbele

Kiasi chake kinajulikana kabla ya kukata: kimo unachoondoa mara tanjiti ya mlalo wa nguzo. Kwa milimita 76, digrii 10 zinatoa 13, digrii 15 zinatoa 20, digrii 20 zinatoa karibu 28. Hicho ndicho kiasi ambacho kisiki cha juu, yaani kipande cha nguzo kilichobaki kwenye paa, kitakaa nyuma ya kisiki cha chini kilichobaki kwenye bodi.

Ukilikata paa kwa upana na kusogeza sehemu ya mbele, ukiziba ufa kwa ukanda wa bati, nguzo zinabaki na mlalo wake wa awali. Lakini umejipatia mshono wa zaidi ya mita moja katikati ya bati pana lisilo na mkunjo, mahali panapojikunja kwa joto kuliko pote kwenye gari. Njia nyingine ni kuzilaza nguzo za mbele zaidi: unakata mkato mwembamba kama kabari upande wa nyuma wa shina la nguzo, unaivuta nyuma hadi ikutane na kisiki cha juu, unachomelea. Kwa vioo bapa vya hadi 1953 hii ndiyo njia ya kuchagua, kwa sababu kioo bapa hakijali kimelala digrii ngapi, na kebini iliyolaza kioo kidogo hupendeza. Kwa kioo cha 1954 kurefusha paa kuna hoja, kwani kioo kilichopinda kinataka fremu ya umbo lake.

Tofauti ya upana ni ndogo. Nguzo ikiegemea ndani digrii 5, ni kama milimita 6 au 7 kila upande. Hiyo huvutwa kwa jeki ndogo au klempu kabla ya kuchomelea, nusu kwa kisiki cha juu kwenda nje, nusu kwa cha chini kwenda ndani.

Kukata na kushusha

Tumia grainda yenye diski ya milimita 1 kwa bati la nje na msumeno wa umeme wenye meno madogo kwa nguzo nene. Kata upande wa kipande cha kutupwa, acha mstari wenyewe uonekane, halafu sugua hadi uufikie. Bati la ndani la nguzo likatwe milimita 25 juu au chini ya mkato wa bati la nje ili mishono isipangane. Nguzo yenye mishono miwili usawa mmoja ina kiungo dhaifu palepale ambapo gari likipinduka paa litakunjika. Anza na ukuta wa nyuma, maliza na nguzo za mbele, watu watatu wakiwa wameshika paa. Usitupe vipande ulivyoondoa hadi rangi ikauke: ndivyo bati la kuzibia lenye unene na mkunjo sahihi.

Lishushe paa, likamate kwa klempu, funga milango, kisha rudia vipimo vyote vya mishazari. Tofauti ya milimita 3 kati ya kulia na kushoto rekebisha sasa. Ndani ya kila nguzo ya mbele pachika kipande cha bati cha urefu wa milimita 50 kikilalia chini ya mshono, kikamatwe kwa matundu ya milimita 8 yaliyojazwa kwa kuchomelea.

Kuchomelea

Bati la geji 18 lina unene wa karibu milimita 1.2. Kwa mashine ya MIG, inayochomelea kwa waya unaojilisha wenyewe, tumia waya wa milimita 0.6 na gesi ya argoni asilimia 75 na CO2 asilimia 25. Shikiza kwa nukta, moja kila milimita 25, ukiruka kutoka upande mmoja wa kebini kwenda mwingine, kisha nukta katikati ya nukta, hadi zigusane. Kamwe usivute mshono mrefu kwa mkupuo. Chuma kilichoyeyuka kikipoa husinyaa na kuvuta bati jirani. Ndiyo maana ukuta wa nyuma hubonyea kama debe lililokanyagwa. Subiri hadi unaweza kushika mahali hapo kwa kiganja ndipo uendelee, na usikimbilie kitambaa cha maji.

Mshono ukishabonyea, dawa si puti. Gonga juu ya mshono wenyewe, ukiwa umeegemeza chuma kizito nyuma yake, ili urudishe urefu ulioupoteza. TIG, mashine inayochomelea kwa ncha ya tangsteni, hutoa mshono laini unaogongeka vizuri. Wa MIG ni mgumu, usugue kwanza hadi ukaribie usawa wa bati. Puti isizidi milimita 3. Zaidi ya hapo itapasuka kwa mitikisiko ya milango.

Milango na vioo

Milango ifuate uwazi uliokwisha kuchomelewa. Usiikate siku moja na paa, hata ukiwa na haraka. Kata sehemu ya juu ya fremu, iweke mahali pake kwenye uwazi, ikamate na uishikize kwa nukta mlango ukiwa umefungwa, ukiacha zile milimita 5. Kumbuka raba: fremu iliyokaa sawa bila raba inaweza kukataa kufunga raba ikirudi, basi jaribu na kipande cha raba mpya kabla ya kumaliza mishono. Kama umelaza nguzo ya mbele, upande wa mbele wa fremu ya mlango nao ulazwe kiasi hichohicho, na ukanda wa juu utahitaji kupunguzwa au kuongezwa ili ukutane nao.

Vioo agiza mwisho kabisa. Usipige hesabu ya kioo cha zamani kutoa 76, kwa sababu nguzo zikishalazwa urefu wa mshazari umebadilika. Tengeneza kiolezo cha ubao mwembamba, kiingie na raba yake. Kipande cha katikati kinachotenganisha vioo viwili vya mbele kifupishwe kwa kufuata kiolezo hicho. Kioo cha mlango kiwe cha matabaka na kisuguliwe kingo. Kilichotiwa ugumu kwa joto hakikatiki, hugeuka punje mara moja. Fupisha pia reli zake za kuteleza, kisha pandisha na ushushe kioo mara kadhaa kabla ya kufunga kadibodi ya ndani.

Kabla ya kitambaa cha dari, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya nguzo kupitia tundu dogo, hasa juu na chini ya kila mshono, na uache tundu la kutolea maji chini wazi. Joto la kuchomelea limekwisha kuunguza kinga yote iliyokuwemo humo.