Jinsi ya Kubishana Barazani Kuhusu Timu Yako Msimu Unapoanza

Kila Agosti, Ligi Kuu ya Uingereza inaporejea, mabaraza ya Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni na Likoni, hugawanyika kambi mbili: wanaoamini kwamba mwaka huu ndio wenyewe, na wanaosema kwamba haya wameshayaona na mwisho wake wanaujua. Ubishi huo ni mtamu, wala sioni haja ya kuuzima. Ila mara nyingi wanaobishana hawazungumzii jambo moja. Huyu anasema ubingwa, mwenziwe anasema nafasi nne za juu, na wa tatu amekasirishwa tu na beki wa kulia.

Kwa hiyo anzeni kwa kumtaka kila mtu ataje alama. Timu hucheza mechi 38, na katika misimu mitatu kuanzia 2022/23 hadi 2024/25 bingwa alimaliza na alama 89, 91 na 84, ilhali aliyeshika nafasi ya nne alipata 71, 68 na 69. Mkiwa na vipimo hivyo, mwenye matumaini aseme timu itamaliza baina ya alama ngapi na ngapi, na mwenye shaka naye aseme zake. Nasisitiza huyu wa pili kwa sababu kazi yake ni nyepesi mno: timu ikifungwa, yeye alishasema, ikishinda, anawaambia mngoje Disemba. Asipotaja nambari hatakuwa amekosea hata siku moja, na mtu wa namna hiyo hana la kujadiliwa naye. Nambari hizo ziandikwe, na mwandishi awe shabiki wa klabu nyingine, maana huyo hana sababu ya kumpendelea yeyote.

Hatua inayofuata ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ni kuitazama ratiba. Msihesabu alama zilizopatikana peke yake. Tafuteni mechi zile zile za msimu uliopita, dhidi ya mpinzani yule yule na katika uwanja ule ule, kisha mlinganishe. Timu zilizopanda daraja ziwekeni mahali pa zile zilizoshuka. Sare ugenini kwa timu iliyowafunga mwaka jana ni faida ya alama moja, na ushindi nyumbani dhidi ya timu mliyoifunga mwaka jana haujaongeza chochote, hata kama mtaa mzima ulipiga kelele.

Mashabiki wa Arsenal wanalo somo lao hapa. Msimu wa 2021/22 walipoteza mechi tatu za mwanzo, 2-0 kwa Brentford, 2-0 kwa Chelsea na 5-0 kwa Manchester City, wakawa mkiani bila bao hata moja. Wenye shaka walitangaza msiba. Lakini Chelsea na City ndizo zilizokuwa zimekutana katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwezi Mei mwaka huo huo, kwa hiyo kati ya matokeo hayo matatu ni lile la Brentford tu lililostahili kumnyima mtu usingizi. Arsenal walimaliza wa tano kwa alama 69. Kambi zote mbili zilidai zimeshinda ubishi, jambo ambalo lisingewezekana lau zingeandika nambari zao Agosti.

Upande wa pili kuna Hull City. Msimu wa 2008/09, wakiwa wamepanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, walikusanya alama 20 katika mechi tisa na kuifunga Arsenal kwake. Katika mechi 29 zilizosalia walipata alama 15 tu, wakaponea kushushwa daraja kwa tofauti ya alama moja.

Baada ya ratiba, ulizeni mabao yamepatikanaje. Penalti huingia takriban tatu katika kila nne, kwa hiyo timu iliyoshinda kwa mikwaju miwili haijaonyesha kwamba inajua kutengeneza nafasi. Vivyo hivyo iliyoshinda baada ya mpinzani kupewa kadi nyekundu mapema. Hesabuni ni mara ngapi timu imeingia ndani ya kisanduku na kupiga shuti la maana, na mara ngapi kipa wake ameiokoa. Hapa pana tatizo letu wenyewe. Hadi Waingereza wanaporudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi nyingi za Jumamosi kwetu huanza saa kumi na moja jioni, na Maghrib huingia kipindi cha pili. Aliyekwenda kuswali hurudi akikuta matokeo yamebadilika, na usiku akabisha kwa habari ya kusimuliwa. Si vibaya, mradi aseme hivyo, au atazame marudio kwanza.

Kisha litazameni benchi. Tottenham walipata alama 26 katika mechi kumi za mwanzo za 2023/24 wakiwa kileleni. Katika mechi ya kumi na moja dhidi ya Chelsea walifungwa 4-1, mabeki wawili wakatolewa kwa kadi nyekundu, na kiungo Maddison na beki Van de Ven wakaumia. Mechi 28 zilizobaki ziliwapa alama 40, wakamaliza wa tano. Swali la kumuuliza mwenye matumaini, basi, si kama kikosi cha kwanza ni kizuri, bali nani ataingia wawili watakapoumia wiki moja.

Pangeni mapema siku za kurekebisha nambari. Napendekeza mapumziko ya mechi za mataifa ya Oktoba, timu zinapokuwa zimecheza mechi saba au nane, na tena baada ya mechi ya 19. Baina ya siku hizo utani uendelee, lakini hakuna ruhusa ya kuhama kambi kimyakimya.

Kwa Bandari, klabu yetu ya hapa Mombasa, utaratibu ni huo huo, ila nambari zibadilishwe: Ligi Kuu ya Kenya yenye timu 18 ina mechi 34, na kipimo cha juu cha karibuni ni nafasi ya pili waliyoipata mwaka wa 2018 na tena msimu wa 2018/19. Takwimu za mashuti huchapishwa kwa uchache, kwa hiyo mmoja wenu aende uwanja wa Mbaraki, au popote mechi ya nyumbani itakapopangwa, akiwa na kalamu na karatasi, aweke alama kila shuti la pande zote mbili, na karatasi hiyo ailete barazani jioni ile ile.