Emphasise: kusisitiza bila kubandika "on"

Karibuni tena, wanachama. Wiki hii vijana kadhaa wa hapa Kampala waliniletea barua zao za maombi ya kazi nizikague, na nyingi zilikuwa na kosa lilelile: "emphasise on". Inaniuma, kwa sababu ni watu wanaojua kazi yao vizuri. Basi leo tulifumue neno hili taratibu.

Hatua ya 1: Tenganisha maana mbili

Kitenzi chetu kusisitiza hubeba mizigo miwili. Sikiliza:

Muuguzi alisisitiza umuhimu wa chandarua.
Mgeni alisisitiza kulipa nauli.

Muuguzi anatilia jambo mkazo ili tuone uzito wake. Mgeni anang'ang'ania, hataki kukataliwa. Kiingereza kinawatenga hawa wawili: muuguzi anapewa emphasise, mgeni anapewa insist. "The visitor insisted on paying the fare." Umeiona ile "on"? Ni mali ya insist, na hapo ndipo wengi wetu tunapoichukua.

Hatua ya 2: Jambo lifuate kitenzi papo hapo

"The nurse emphasised the importance of mosquito nets." Baada ya kitenzi, jambo lenyewe. Unaweza pia kuleta sentensi nzima kwa "that" au "how": "She emphasised how important the nets are."

Lakini "on" ina mlango wa pili wa kuingilia, nao ni nomino emphasis. "The nurse put emphasis on mosquito nets" ni sahihi kabisa, kama sisi tunavyosema kuweka mkazo juu ya jambo. Kwa hiyo angalia mwisho wa neno kabla hujaandika kinachofuata. Likiishia na "sis", ni nomino, weka "on". Likiishia na "sise" au "sised", ni kitenzi, ifute. Na ukisahau, rudi kwenye kusisitiza. Hatusemi "alisisitiza juu ya umuhimu". Tunasema "alisisitiza umuhimu". Kiswahili safi kinakuelekeza vizuri tu hapa.

Hatua ya 3: Mtu anayeambiwa

Hapa sasa Kiswahili hakikusaidii. Sisi tuna kiambishi cha kutendea: "Mwenyekiti wa LC (baraza la mitaa) alitusisitizia kwamba mkutano utaanza saa mbili." Yule "tu" anakaa ndani ya kitenzi, nasi tunamhamisha alivyo: "The chairman emphasised us that…" Hapana. Mtu lazima atanguliwe na "to": "The chairman emphasised to us that the meeting would start at eight." (Saa nazo msisahau kuzigeuza.)

Hatua ya 4: Matamshi

EM-fa-saiz. Nguvu iko mwanzoni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana ulimi wetu unataka kusema em-fa-SAI-zi. Litamke mara kumi kwa sauti.

MASWALI YA WANACHAMA

Tororo: Mwalimu, habari za kazi? Ni "s" au "z"? Mtoto wangu anaandika "s", kompyuta yangu inapigia mstari mwekundu.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Mtoto hajakosea. Shule zetu hufuata tahajia ya Uingereza, na wengi huko huandika "s". Wamarekani huandika "z", na kompyuta yako huenda imewekwa Kiingereza chao. Ila "z" si ya Marekani peke yake, kwani hata kamusi za Oxford huitumia. Chagua moja, uishike hadi mwisho wa barua.

Masaka: Kwa Luganda tunasema okuggumiza. Ndilo hilohilo?

Jibu: Ndilo. Kama Luganda ndiyo lugha yako ya nyumbani, anzia hapo.

Arua: Naweza kuandika "stress" badala yake? Niliandika "My boss stressed me that I should come early", rafiki yangu akanipa pole.

Jibu: Unaweza, dada, na kanuni ni zilezile: bila "on", na mtu atanguliwe na "to". Rafiki yako alikupa pole kwa sababu "stressed me" ni kupewa msongo wa mawazo. Andika "My boss stressed that I should come early". Kwamba aliyeambiwa ni wewe, msomaji ataelewa.