Sanduku la barua pepe limejaa: kupunguza za zamani bila kupoteza nyaraka

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha, karibu na bandari ya Kilindini, Mombasa, ilitumia sanduku moja la Gmail miaka tisa. Likajaa. Mteja akatuma hati ya shehena mara mbili, ikamrudia mara mbili. Meli imeshafunga gati, siku za kuweka kontena bandarini bila malipo zinakatika, nasi tunamlaumu yeye kwamba hajatuma kitu. Aibu ile ndiyo iliyonifundisha haya.

Kwanza tuelewane: kuweka barua kwenye kumbukumbu (archive) hakupunguzi nafasi hata chembe. Ni kama kusukuma masanduku uvunguni mwa kitanda. Mgeni akiingia anaona chumba safi, na mzigo umo vilevile. Barua inatoka kwenye Kikasha tu, inabaki kwenye Barua Pepe Zote, na zile GB 15 za bure, ambazo Gmail inagawana na Drive na Photos, zinaendelea kuliwa.

Hatua ya 1: Tafuta wenye matumbo makubwa. Tumia kompyuta, simu itakuchosha. Kwenye sehemu ya kutafutia andika:

has:attachment larger:10M older_than:3y

Yaani zenye viambatisho, zinazozidi MB 10, zilizopita miaka 3. Kwetu zilikuwa skani za ankara, zilizopigwa kwa rangi bila sababu yoyote.

Hatua ya 2: Zipe lebo. Tiki ya juu inachagua za ukurasa huo peke yake. Subiri mstari unaojitokeza juu ya orodha, ubofye ili uchague zote zilizopatikana. Wengi huuruka mstari huu, wakashangaa mbona kazi haiishi. Zipe lebo moja, mfano "Zamani".

Hatua ya 3: Toa nakala. Ingia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data yako, ondoa tiki zote, acha ya barua pepe, kisha chagua lebo ile tu. Utatumiwa kiungo. Pakua mapema, kwani baada ya kama wiki moja hakifanyi kazi. Ndani mna faili la mbox, lililobeba barua zote pamoja, ambalo Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, hulifungua ukiiongezea kiendelezi cha ImportExportTools NG. Fungua barua tatu nne na viambatisho vyake. Usifute kitu kabla ya hapo, tafadhali.

Hatua ya 4: Futa zenye lebo ile, kisha mwaga Tupio. Usipolimwaga, nafasi hairudi mpaka siku 30 zipite.

Hatua ya 5: Zilizobaki, tafuta in:inbox older_than:1y, chagua zote, ziweke kwenye kumbukumbu. Hapa sasa uvungu una faida.

MASWALI YA WANACHAMA

Maalim, mteja akijibu barua niliyoiweka kwenye kumbukumbu, nitaiona?
Utaiona. Jibu likija, mazungumzo yote yanarudi kwenye Kikasha.

Kaka, na watu wa kodi je? Nikifuta si nitajitia kitanzini?
Swali zuri, dada. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya 2015 inataka nyaraka za kodi zitunzwe miaka 5. Ndiyo maana hatua ya 3 hairukwi. Tunachopunguza ni sanduku. Nakala inabaki nawe. Kama una wasiwasi, weka 6y badala ya 3y.

Mimi nilikuwa natelezesha kidole kwenye simu, barua zikatoweka. Zimekwenda wapi?
Pole. Kwenye Android, usipobadilisha mipangilio, kutelezesha huko ndiko kuweka kwenye kumbukumbu. Tazama Barua Pepe Zote, utazikuta zimekaa zinakungoja.

Nakala kwenye flashi moja haitoshi?
Haitoshi. Yangu ya kwanza niliiacha dirishani ofisini mwaka mzima, na unajua upepo wa bahari unavyokula chuma. Weka mbili: moja ofisini, moja nyumbani.