Hesabu Masomo Kwanza, Ndipo Ukubali Zamu

Wanafunzi wanaokuja kwangu kuomba ushauri kuhusu kazi, karibu wote huanza na kazi yenyewe: malipo ni haya, zamu ni hizi, je, nitaweza? Mimi huwarudisha kwenye masomo. Nilisoma shahada nzima huku nikifanya kazi ya zamu, na muhula wa kwanza nilifeli somo moja kwa sababu nilikubali kila zamu niliyopewa, masomo nikayaachia makombo ya wiki. Utaratibu ufuatao ndio ulionivusha mihula iliyofuata.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya wiki

Wiki ina saa 168. Toa 56 za kulala, yaani saa nane kila usiku. Usizipunguze kwenye karatasi, maana mwili utazidai ukiwa darasani. Toa kama 28 za kupika, kula, kuoga, kufua na kwenda chuoni. Zimebaki 84.

Sasa weka masomo. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila saa moja ya mhadhara inataka saa mbili za kujisomea. Katika mfumo wa krediti (vipimo vya uzito wa masomo) wa Marekani, mwenye krediti 15 ana takriban saa 15 darasani na 30 nje ya darasa, jumla 45. Mfumo wa Ulaya, ECTS, huhesabu kazi yote kwa pamoja: krediti 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 hadi 30. Tumia hesabu ya chuo chako.

Ukitoa 45 kwenye 84 unabaki na 39, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ndani ya saa hizo 39 kuna familia, marafiki, ibada, homa ya siku mbili, na safari ya kazini.

Hiyo safari usiipuuze. Tuseme kwenda ni dakika 45, kurudi 45, na nusu saa ya kubadili nguo na kukabidhiana zamu. Zamu ya saa nne imekula saa sita. Ukifanya tatu za namna hiyo, umelipwa saa 12 na umetoa 18. Ukifanya zamu mbili za saa sita, umelipwa 12 zilezile lakini umetoa 16. Ndiyo maana anayeanza mimi humwambia aombe zamu chache zilizo ndefu, saa 10 hadi 12 kwa wiki, asiongeze hadi aone matokeo ya muhula wa kwanza.

Hatua ya 2: Linda saa zako nzuri

Saa hazilingani. Kuna wakati kichwa chako ni chepesi na ukurasa mmoja unaingia mara moja, na kuna wakati unausoma mara nne bila kuelewa. Kwa wiki moja, andika kila unapojisomea: ulianza lini, na ulielewa kiasi gani. Ukishajua saa zako nzuri, zipe somo gumu kuliko yote na usimpe mwajiri hata moja. Kazi nyingi za zamu unaweza kuzifanya ukiwa umechoka kidogo, lakini hesabu ngumu huwezi.

Kataa kabisa zamu inayoisha usiku wa manane ikiwa asubuhi una mhadhara.

Hatua ya 3: Tandaza muhula wote mezani

Wiki ya kwanza, chukua mwongozo wa kila somo na uhamishe tarehe zote za mitihani na za kukusanya kazi kwenye kalenda moja. Utaziona wiki mbili au tatu ambazo kila kitu kimeangukia pamoja. Mwandikie msimamizi wako mapema, wala usisubiri ratiba ya zamu itoke:

"Habari za kazi. Wiki ya 7 na ya 8 nitakuwa na mitihani, naomba zamu moja tu kila wiki. Wiki ya 10 niko huru, naweza kufidia kwa zamu mbili za ziada."

Ombi lenye tarehe na fidia hukubaliwa kwa urahisi zaidi kuliko ombi la dakika za mwisho.

Hatua ya 4: Kwa anayesoma ugenini

Soma masharti ya viza yako kabla ya kusaini mkataba. Australia, kwa mfano, tangu Julai 2023 imeweka kikomo cha saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo. Kuvuka kikomo kunaweza kukugharimu viza yenyewe.

Hatua ya 5: Pitia mhadhara siku ileile

Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni. Kwa hiyo tenga dakika 20 kabla ya kuingia zamuni na, daftari likiwa limefungwa, jaribu kuandika mambo makuu uliyofundishwa. Kisha lifungue urekebishe.

Hatua ya 6: Ukizidiwa

Ukichelewesha kazi mbili mfululizo, au ukisinzia darasani wiki nzima, punguza zamu moja wiki hiyohiyo. Mwone mhadhiri kabla ya tarehe ya kukusanya kazi, kwa sababu baada ya hapo huenda hana namna ya kukusaidia. Ikiwa itabidi uache somo, uliza kwanza ofisi ya usajili mambo mawili: siku ya mwisho ya kujiondoa, na kama mkopo au ufadhili wako unadai idadi fulani ya masomo.