Begi Jeusi Kati ya Mabegi Meusi: Kutambua na Kulinda Mzigo Wako Unaposafiri kutoka Nairobi

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa nikiwa na begi jeusi la magurudumu, na asubuhi nilipolifungua chumbani nikakuta sare za shule, viatu vya mtoto na kopo lililojaa kashata. Mwenye begi hilo alikuwa ameshuka Voi na langu. Hapakuwa na mwizi. Utingo alimpa begi jeusi abiria aliyesema ana begi jeusi, nami nikapokea lililobaki. Kubadilishana kulituchukua siku nne, na kilichotuokoa ni namba ya simu ya mzazi iliyoandikwa kwenye jalada la daftari.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria wezi, lipe begi lako alama ambayo begi la jirani halina. Utepe mwekundu hautoshi, kwa kuwa ushauri huo umekwisha kumfikia kila mtu. Mimi hukata kipande cha pindo la leso iliyochakaa, nikampelekea fundi wa cherehani akishone kuzunguka mkono wa begi. Alama iliyoshonwa haining'inii, hivyo hainaswi na mitambo ya uwanja wa ndege wala haikatiki begi linapovutwa kwa nguvu kutoka kwenye buti. Nje andika jina na namba ya simu inayoanza na +254, lakini usiandike mtaa na namba ya nyumba, maana utakuwa unatangaza kwamba nyumba hiyo haina mtu. Ndani, juu ya nguo zote, weka karatasi yenye jina lako, simu yako, mahali unakokwenda na simu ya jamaa asiyesafiri nawe, kwa sababu kibandiko cha nje ndicho hung'oka kwanza. Halafu lipige picha begi likiwa limefungwa, na nyingine likiwa wazi.

Kufuli ni ya manufaa, ila isikupe usingizi. Zipu ya kawaida hutoboka kwa ncha ya kalamu, vitu vikatolewa, kisha vishikio vikaburutwa juu ya meno na zipu ikajifunga kana kwamba hakuna lililotokea. Funga vishikio hivyo pamoja na pete au mkono wa begi ili visiweze kuburutwa. Begi likitobolewa, angalau utajua papo hapo.

Kwenye vituo vya mabasi vya River Road na Accra Road, wapiga debe huwahi begi kabla hawajakuuliza unakwenda wapi. Lishike mwenyewe, useme kwa upole kwamba utalibeba. Dai risiti ya mzigo yenye namba inayolingana na ile iliyobandikwa kwenye begi, piga picha namba ya usajili wa basi, na usipande hadi umeona kwa macho yako begi likiingia kwenye buti. Basi likisimama Mtito Andei, njiani kwenda Mombasa, shuka ukasimame karibu na buti. Chai inaweza kungoja, lakini anayeshukia hapo hatakungoja.

Kwenye stesheni ya reli ya Syokimau, mizigo hupangwa chini ili mbwa wa usalama wainuse huku abiria wakisimama kando. Kumbuka ulipoliweka lako, kwani abiria wote huchukua mizigo yao kwa pamoja.

Katika uwanja wa Jomo Kenyatta, ng'oa vibandiko vya safari zilizopita, kwa kuwa mashine inaweza kusoma kile cha zamani. Kibandiko kipya kikifungwa, soma herufi tatu za mwisho wa safari yako: MBA ni Mombasa, KIS ni Kisumu, NBO ni Nairobi yenyewe. Linganisha pia tarakimu 10 za kibandiko na zile za kipande unachopewa. Pesa, dawa, hati na funguo zisitoke mkononi; betri za akiba za kuchajia simu haziruhusiwi kabisa kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.

Begi lisipotokea, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla ya kujaziwa fomu ya taarifa katika dawati la shirika lililokuleta, na uondoke na nakala yenye namba ya kumbukumbu. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tangu ulipopokea mzigo kulalamika kwa maandishi kuhusu uharibifu, na siku 21 kuhusu ucheleweshaji. Mzigo usiofika ndani ya siku 21 tangu siku uliyopaswa kufika, unaweza kuudai kama uliopotea. Hapo utaulizwa kilichokuwa ndani na thamani yake, kitu kimoja kimoja, na ile picha ya begi likiwa wazi ndiyo utakayoitoa.