Kuchora mtaa wa jiji kwa mtindo wa ekspreshonizimu: anza na mapengo kati ya watu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa na vifaa vizuri na mkono mwepesi, lakini ambaye mtaa wake ulibaki kuwa safu ya watu waliopangwa mbele ya majengo. Wengi huamini kwamba ekspreshonizimu, mtindo unaopotosha umbo na rangi ili kuonyesha hisia, ni suala la rangi kali. Ukizitazama kwa makini picha za mitaa ya Berlin alizochora mchoraji Mjerumani Ernst Ludwig Kirchner kati ya mwaka 1913 na 1915, utaona kwamba msukosuko wa jiji umejengwa hasa kwa umbo la nafasi zilizoachwa kati ya mtu na mtu.

Hatua ya 1: Vifaa

Tumia rangi za mafuta. Siipendekezi akriliki, kwa sababu hukauka kabla hujapata nafasi ya kuburuta rangi mbichi juu ya rangi mbichi. Brashi ziwe bapa na za nywele ngumu, zenye upana wa sentimita 2 hadi 3. Kirchner na wenzake wa Die Brücke, kundi la wasanii lililoanzishwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1905, walizimua rangi kwa petroli ili ienee upesi na ikauke bila kung'aa. Wewe usiitumie petroli, kwani mvuke wake ni sumu na hushika moto kwa urahisi. Tapentaini kidogo, katika chumba chenye madirisha wazi, inatosha.

Hatua ya 2: Michoro ya haraka

Simama penye watu wengi ukiwa na daftari dogo na penseli laini, uchore bila kufuta. Usitegemee picha za simu: kamera humgandisha mtu, ilhali mkono unaomfuata mpita njia huandika mwelekeo wake. Kirchner alijaza madaftari mengi kwa namna hii.

Hatua ya 3: Inua barabara

Weka upeo wa macho karibu na ukingo wa juu wa turubai (kitambaa cha kuchorea), au uuondoe kabisa. Katika picha ya Kirchner *Potsdamer Platz* (jina la uwanja wa Berlin) ya mwaka 1914, turubai yenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, wanawake wawili wamesimama juu ya kisiwa cha barabarani cha mviringo. Barabara inaonekana kana kwamba inatazamwa kutoka juu, ilhali wanawake hao tunawaona ana kwa ana. Ukinyoosha mgongano huo kwa kanuni za kawaida za umbali, mtaa utatulia, nawe hutaki utulie.

Hatua ya 4: Mapengo

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nilipokaa na mwanafunzi wangu kwa saa nyingi kuliko kwingine kote.

Usianze kwa kuchora watu. Chukua kipande cha makaa, uweke alama ya mahali kichwa na miguu ya kila mtu itakapokuwa, kisha chora maumbo ya barabara yanayobaki katikati yao na uyajaze kwa rangi moja bapa. Watu watajitokeza wenyewe kama sehemu zisizopakwa. Kila pengo liwe na ncha kali angalau moja, mfano wa kipande cha kioo kilichovunjika, na ncha hiyo ielekee kwenye mwili wa mtu. Mapengo mawili yanayokaribiana yasilingane kwa upana, wala pande za pengo moja zisiende sambamba, kwa kuwa nafasi zilizo sambamba humfanya mtazamaji ahesabu watu badala ya kusukumwa nao.

Kuna tahadhari kadhaa. Kwanza, ukiona pengo kubwa, usilizibe kwa kuongeza mtu mdogo wa mbali. Badala yake msogeze mtu aliyepo au pindisha bega lake. Pili, si lazima kila mtu awe na pengo lake. Katika *Mtaa, Berlin* ya mwaka 1913, wanawake wawili wa mbele wamebanana, wanaume wenye mavazi meusi wamerundikana nyuma yao, na mwanamume wa upande wa kulia amegeuza uso. Upweke wa picha ile unatokana na kwamba miili imekaribiana huku macho hayakutani. Tatu, pinga hamu ya kulainisha kingo. Ukingo uliolainishwa huleta hewa kati ya watu, na umati ukishapata hewa huonekana kama wageni wa sherehe.

Kila baada ya muda igeuze turubai juu chini. Ukiwa bado unatambua watu kabla ya kuona mapengo, kazi haijaisha, na hupaswi kuendelea.

Hatua ya 5: Rangi

Ipe barabara rangi ambayo barabara haina. Katika *Mtaa, Dresden*, iliyoanza kuchorwa mwaka 1908, ni waridi. Katika *Potsdamer Platz* ni kijani. Rangi hiyo ipite katika mapengo yote, kisha iguse nyuso pia, ili watu na mtaa wawe na homa moja. Nyeusi itumike kwa mavazi na mistari tu. Usiichanganye na rangi nyingine ili kupata kivuli.

Hatua ya 6: Viboko na nyuso

Piga viboko vifupi vya mshazari, vyote vikifuata mwendo wa umati, hata juu ya majengo. Nyuso zifanywe mwisho, kwa mistari michache, bila tabasamu. Turubai ikikauka usiipake vanishi ya kung'aa, kwa sababu mng'ao huzamisha viboko vilivyo juu ya rangi nyeusi.